Nyumbu wa kukokota: umzalishe mwenyewe au umnunue?

Anayefikiria kuweka nyumbu shambani huwa na maswali mawili aliyoyafunga furushi moja. La kwanza ni la kazi: nyumbu atanifaa kuliko maksai, punda au farasi? La pili ni la uzazi: nimzalishe hapa nyumbani au nikamnunue? Wengi wakishajibu "ndiyo" kwa la kwanza, hulichukulia la pili kuwa nalo limekwisha. Kumbe nyumbu ni mnyama bora wa kazi na wakati huohuo ni mradi mgumu wa kuzalisha, na familia inaweza kufaidi kazi yake miaka mingi bila kuwahi kuzalisha hata mmoja. Nisizunguke: kama huna farasi majike wanaofanya kazi shambani mwako sasa hivi, nunua. Kama unao, fikiria kuzalisha, ila usianze kumtafuta punda dume kabla hujasoma habari za dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, huko chini.

Nyumbu ninayemsema ni baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike, si yule wa mbugani. Ukigeuza wazazi, yaani farasi dume ampande punda jike, mimba hushika kwa taabu zaidi na mtoto kwa kawaida hutoka mdogo, maana amekulia kwenye tumbo la punda. Kwa kazi ya kukokota huyo si wa kupangia mradi.

Je, kazi yako inamtaka nyumbu?

Mshindani wake wa kweli ni maksai. Maksai hutembea polepole, lakini huvuta mzigo bila papara, na penye visiki na udongo unaonata utulivu huo ni mali. Nira yake ni kipande cha mti ambacho fundi yeyote wa mbao anaweza kukichonga. Akizeeka ananenepeshwa na kuuzwa, kwa hiyo sehemu ya fedha yako hurudi. Upungufu wake uko kwenye saa: ni mnyama anayecheua, lazima apate muda wa kula na muda wa kulala akicheua, na jua likipanda hupunguza mwendo. Ukimkaza zaidi ya nusu siku, kesho yake utaona.

Nyumbu hutembea haraka kuliko maksai, hufanya siku ndefu zaidi na hustahimili joto vizuri kuliko farasi. Kwato zake ni nyembamba na ngumu. Ukimwingiza kati ya mistari ya mimea kwa ajili ya palizi, hupita bila kukanyaga kushoto wala kulia, na hapo ndipo maksai humwachia. Tena hudumu: akitunzwa, nyumbu hufika miaka 30 na zaidi, na kati ya hiyo 20 au zaidi ni ya kazi. Maksai wengi hufunguliwa nira wakiwa na umri wa miaka 10 hadi 12.

Lakini miaka hiyo 20 ina maana ikiwa kuna kazi ya kuijaza. Shamba linalolimwa kwa plau mara moja au mbili kwa mwaka, kisha mnyama asimame hadi msimu ujao, ni shamba la maksai. Nyumbu asiye na kazi hunenepa, huchoka kwa uvivu na huanza kusahau adabu. Anafaa penye mfululizo: kulima, kusawazisha, kupalilia, kuvuta mkokoteni wa mavuno, kutoa magogo, kupeleka samadi. Ukihesabu wiki zako za kazi ukakuta hazifiki hata nusu ya mwaka, mimi ningebaki na ng'ombe.

Farasi wa kukokota ana nguvu, ni mwepesi kufundishika, na humvumilia mwanafunzi. Huyu unaweza kumkosea leo na kesho akaja tena. Nyumbu hujifunza upesi vilevile, ila hujifunza pia makosa yako na hayaachi. Kwa upande mwingine, farasi aliyeshtuka hukimbia kwanza na kufikiri baadaye, akiwa na plau nyuma yake. Nyumbu aliyeshtuka mara nyingi husimama akaangalia. Watu huuita ukaidi. Ukimchunguza mnyama anayegoma, aghalabu utakuta daraja bovu mbele yake, kola ya shingoni inayomkata au mzigo uliozidi. Unaweza kumsukuma farasi mpaka aanguke, lakini nyumbu hatakubali kufika hapo. Katika familia ambayo vijana ndio wanaoshika hatamu, nauhesabu mgomo huo kuwa faida.

Punda nampitia haraka. Kama mizigo yako ni maji, kuni na magunia machache kwenda sokoni, ishia kwa punda. Ni rahisi kumtunza, anajizalisha, na jozi yake hulima udongo mwepesi. Nyumbu hapo ni anasa.

Nguvu zenyewe hupimwa kwa uzito. Mnyama wa kukokota huweza kuvuta kwa saa nyingi kwa nguvu iliyo sawa na takriban sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wake. Nyumbu wa kilo 500, basi, hutoa mvuto wa kilo 50 hivi bila kujiumiza. Plau kwenye udongo mzito hudai zaidi ya hapo, ndiyo maana watu hufunga wawili. Kwa hiyo ukisema "nataka nyumbu wa kulimia," mara nyingi unasema nyumbu wawili. Hesabu ya uzazi inayokuja uisome ukikumbuka hilo.

Kabla ya hapo, magonjwa. Penye mbung'o, farasi na nyumbu wote huangushwa na ugonjwa wa ndorobo, na hapo ng'ombe wa asili aliyezoea eneo humshinda mgeni yeyote. Homa ya farasi ile inayoenezwa na visubi huua farasi wengi mno, hata tisa kati ya kumi katika mlipuko mbaya; nyumbu hufa karibu nusu, na punda ndiye anayeponea zaidi. Yaani nyumbu ana nafuu, ila si kinga. Na usisahau kwamba ukizalisha mwenyewe, mali yako kubwa itakuwa farasi jike, na yeye ndiye dhaifu kuliko wote.

Hesabu ya kuzalisha

Farasi ana kromosomu 64, punda 62, na mtoto wao 63. Idadi hiyo isiyogawanyika kwa mbili ndiyo inayomfanya nyumbu kuwa tasa. Madume hawazai kabisa. Majike waliowahi kuzaa ni wa kuhesabika tangu watu waanze kuandika. Kwa mkulima maana yake ni kwamba kila nyumbu ni mwisho wa njia. Mtoto wa farasi jike wako akiwa nyumbu, hukupata mtoto wa farasi mwaka huo. Jike huyo atazeeka, na nyumbu aliowazaa hata wawe wanane hawatachukua nafasi yake. Anayezalisha nyumbu mwaka baada ya mwaka bila kumpeleka jike kwa farasi dume hata mara moja ili apate binti wa kumrithi, anakula mtaji wake taratibu.

Muda nao. Mimba ya farasi jike ni miezi 11, na ya nyumbu mara nyingi huzidi siku kadhaa. Mtoto huachishwa ziwa akiwa na miezi sita hivi. Madume huhasiwa mapema, kabla hawajatimiza mwaka na nusu, kwa sababu utasa hauwazuii kuwa wakali kama madume wengine. Mwaka wa pili ni wa kufundishwa kuongozwa, kuinua miguu na kuzoea mikanda. Mwaka wa tatu anavuta vitu vyepesi kwa saa chache. Kazi kamili ya plau ni kuanzia miaka minne, na nyumbu mkubwa wa damu ya farasi wazito humalizia kukua baada ya hapo. Jumlisha: kutoka siku ya kupandisha hadi siku ya kulima ni karibu miaka mitano, na hapo umepata mmoja. Ili upate jozi ya rika moja unahitaji farasi majike wawili walioshika mimba msimu mmoja na kuzaa salama wote. Wakati huo wote kuna mtu au mnyama mwingine anayelima.

Ndiyo maana nilianza na jike anayefanya kazi. Farasi jike wa kukokota hulima akiwa na mimba, hupunguziwa miezi ya mwisho, hupumzishwa baada ya kuzaa, kisha hurudi shambani na mtoto akimfuata pembeni. Huyo analipa gharama yake kwa kazi, na mtoto ni nyongeza. Jike anayefugwa kwa ajili ya kuzaa nyumbu tu, anayekula mwaka mzima ili atoe mtoto atakayeanza kazi baada ya miaka mitano, kwenye shamba la familia sijaona hesabu yake inavyokaa.

Katika kuchagua, watu hukazana na punda dume na kumpuuza jike. Mimi ningegeuza. Umbo na uzito wa nyumbu hutegemea sana mama: kifua, miguu, upana wa kwato. Tabia nayo, nusu yake hunyonywa. Mtoto hukaa miezi sita akimwangalia mama yake anavyopokea hatamu, anavyomwona mtu, anavyovuka maji. Kuna desturi mbaya ya kumchukua farasi jike aliyeshindikana, mwenye mateke au mwoga, na kusema "huyu tumzalishie nyumbu." Utapata mtoto mwenye woga wa mama na kumbukumbu ya punda. Jike usiyependa kumfunga plau usimpeleke kwa punda.

Dume: wako au wa jirani?

Kwa nyumbu wa kukokota dume awe mkubwa. Marekani wana punda aina ya Mammoth, ambao dume wake hutakiwa kuzidi sentimita 140 mabegani, na Ufaransa wana wale wa Poitou wenye manyoya marefu, waliofugwa vizazi na vizazi kwa kazi hiihii. Kimo, hata hivyo, ni jambo dogo. Kubwa ni malezi. Punda dume aliyekulia kati ya punda majike mara nyingi hatamtazama farasi hata ukimsimamisha mbele yake mchana kutwa. Anayetakiwa ni yule aliyeachishwa ziwa akalelewa na farasi, akakua akijua kwamba hao ndio wenzake. Mwaka 1785 George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, alizawadiwa dume na mfalme wa Hispania, mnyama wa fahari kabisa, na kwanza alilalamikia uvivu wake mbele ya farasi majike.

Hata dume aliyelelewa vyema si mwepesi kama farasi. Husimama, hunusa, huondoka, hurudi. Jike asipokuwa kwenye joto hasa, ataishiwa subira na kupiga teke, na dume aliyepigwa teke mara moja anaweza kukataa msimu mzima. Joto la farasi jike hurudi kila siku 21 hivi na hudumu takriban siku tano hadi saba. Anayempeleka siku ya kwanza kwa haraka hupoteza safari. Tofauti ya kimo hutatuliwa kwa jembe: chimba shimo pana lenye sakafu iliyoshindiliwa, jike asimame ndani, dume asimame juu.

Kumfuga dume wako mwenyewe je? Ukiwa na majike wawili watatu, hapana. Punda dume ana kelele, anahitaji uzio imara wa peke yake, na akiuma haachii. Si mnyama wa kuzungukwa na watoto. Anakula siku 365 ili afanye kazi za kuhesabika kwa vidole. Inalipa pale tu majirani wanapomletea farasi wao kwa malipo. Vinginevyo mpeleke jike kwa dume, au muulize daktari wa mifugo kuhusu uhimilishaji, yaani kumpandikiza jike mbegu bila kupandwa na dume. Na ukimchanganya punda na farasi kwenye malisho mamoja, kumbuka minyoo ya mapafu: punda huibeba bila dalili, farasi akiipata hukohoa miezi. Pima kinyesi cha mgeni kabla hujamfungulia lango.

Maziwa yanayoweza kuua

Sehemu hii ndiyo inayopaswa kuamua. Damu ya punda ina alama fulani kwenye chembe nyekundu ambayo farasi hawana, na kila mtoto wa nyumbu huirithi. Wakati wa kuzaa, damu ya mtoto ikigusana na ya mama, mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hana tatizo. Kuanzia wa pili, dang'a ya mama inaweza kuwa imejaa kingamwili hizo. Mtoto huzaliwa mzima, anasimama, ananyonya kwa nguvu, na kadiri anavyonyonya ndivyo chembe zake za damu zinavyovunjika.

Dalili huanza saa kadhaa hadi siku chache baadaye. Mtoto aliyekuwa akirukaruka analala mno. Mpandishe mdomo wa juu kwa kidole gumba uangalie ufizi: weupe kwanza, kisha manjano kama ya bizari. Mkojo unakuwa mwekundu wa giza. Anahema kwa kasi hata akiwa amelala. Akifika hapo bila msaada wa daktari na damu ya kuongezewa, mara nyingi hapona.

Kinga yake ipo, nayo ni kazi ya usiku. Wiki za mwisho za mimba daktari anaweza kupima damu ya mama. Siku ya kuzaa, kabla mtoto hajanyonya, dang'a ya mama hupimwa kwa kuchanganywa na damu ya mtoto. Chembe zikigandana pamoja, asinyonye. Hapo mtoto anavishwa kikapu cha mdomoni kwa saa 24 hadi 48, mama anakamuliwa kila baada ya saa chache na maziwa hayo yanamwagwa, na mtoto analishwa kwa chupa dang'a ya farasi mwingine ambaye hajawahi kubeba mimba ya nyumbu. Lazima aipate saa za mwanzo, maana bila dang'a yoyote atakufa kwa maradhi mengine. Dang'a hiyo ya akiba haitafutwi usiku wa manane. Iwe imeshagandishwa kwenye friza wiki nyingi kabla.

Jiulize kwa ukweli: nyumbani kwako kuna friza, kuna daktari anayefika usiku, na kuna mtu wa kukesha siku mbili? Kama jibu ni hapana, mtoto wa kwanza wa kila jike ni bahati nasibu ndogo, na wanaofuata ni kubwa.

Kununua

| | Kuzalisha | Kununua aliyeachishwa ziwa | Kununua aliyefundishwa |
|---|---|---|---|
| Muda hadi kazi kamili | karibu miaka 5 | miaka 3 na nusu au zaidi | siku za kuzoeana |
| Hatari kubwa | mimba, dang'a, mama | mafunzo yako | tabia iliyofichwa |
| Anamfaa | mwenye majike wa kazi na daktari karibu | aliyekwisha kufundisha wanyama | anayeanza |

Wa katikati huvutia kwa bei, na ndiye anayewaponza wengi. Nyumbu mchanga na mkulima mchanga hufundishana vibaya. Kwa anayeanza ningetafuta nyumbu wa miaka 10 hadi 15 aliyefanya kazi maisha yake yote. Kwa farasi umri huo ungekutia wasiwasi; kwa nyumbu bado una miaka kumi na zaidi ya kazi. Nunua jozi iliyozoeana ikiwezekana, kisha mmoja wao ndiye atakayemfundisha mtoto utakayempata baadaye, wa kununua au wa kuzalisha.

Gharama za baadaye haziepukiki kwa njia yoyote. Nyumbu hushiba kwa kidogo kuliko farasi wa uzito wake, na kumjazia nafaka ni kumtafutia ugonjwa wa kwato. Kwato zipunguzwe kila wiki sita hadi nane. Mabega yake hayainuki kama ya farasi, kwa hiyo kwenye mteremko mikanda hutelezea mbele, na bila mkanda wa matakoni mkokoteni humsukuma. Kola ya farasi isichukuliwe kuwa itamtosha: akiivaa, kiganja kilicholala kipite kati ya koo na sehemu ya chini ya kola, si zaidi wala pungufu. Mwambie daktari kwamba ni nyumbu, maana dawa za kutuliza humtaka kipimo kikubwa kuliko farasi. Nyumbu pia huficha maumivu. Akiacha kula, usingoje kesho.

Siku ya kumwangalia, fika mapema kabla hajafungwa. Mwombe muuzaji amwachie malishoni, umwone akikamatwa. Nyumbu asiyekamatika atakula nusu ya asubuhi zako. Mguse masikio, mwinue miguu yote minne, ya nyuma hasa. Pitisha mkono chini ya manyoya ya mabegani: madoa ya nywele nyeupe ni vidonda vya zamani vya kola, na ngozi iliyokakamaa hapo itampa kisingizio cha kugoma. Kisha afungwe mzigo mbele yako, asimame hatamu zikiwa zimelegea kwa dakika kadhaa, arudi nyuma hatua tano, na kama ni wa jozi, mmoja atembezwe mpaka apotee machoni pa mwenzake. Akilia na kuvuta kamba wakati huo, usimlipie bei ya nyumbu wawili wanaojitegemea.